USSD, apu, boti ya WhatsApp au sauti: kikoba chenu kijengewe kipi?

Swali la "tujenge nini" limebadilika sana miaka hii. Zamani mweka hazina wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, alikuwa anauliza tu kama waachane na daftari watafute mfumo, baadae ikawa apu au WhatsApp, sa hivi mtu anakuja na neno moja tu, AI, yaani akili mnemba, anataka mwanachama aongee na simu imjibu, mambo ya menyu anasema yamepitwa na wakati. Unamuuliza wanachama wenu wanatumia simu gani, anakwambia wengi wana vitochi lakini watanunua smatifoni. Watanunua lini, hajui.

Basi naziweka zote nne mezani, USSD (ile menyu ya kupiga namba za nyota), apu, boti ya WhatsApp (programu inayojibu meseji yenyewe) na sauti yenye akili mnemba, kwa mfano mmoja tu wa kikoba ili tusipotee. Kama wewe una saccos, duka la pembejeo au zahanati hesabu ni zilezile, badilisha majina tu. Na msimamo wangu nautoa mapema asije mtu akasema nimemzungusha: mwanachama aombe anachotaka kwa njia yoyote inayomfaa, hata kwa kuongea, lakini ikifika mahali hela inatoka athibitishe kwa kubonyeza kwa kidole, kwenye skrini inayoonyesha jina na kiasi. Ukiuziwa mfumo ambao hela inatoka kwa maneno matupu, usinunue.

Kwanza tujue kazi yenyewe

Mwanachama wa kawaida ana mambo machache. Kununua hisa kila wiki, kuchangia mfuko wa jamii, kuangalia salio, kuomba mkopo, kulipa marejesho. Faini nazo zipo ila hakuna anayezitafuta kwenye menyu. Katibu na mweka hazina ndo wenye kazi nzito, wao wanataka kuona kundi zima, nani kalipa nani bado, mkopo gani umechelewa, riba imefika wapi, na mwisho wa mzunguko wagawane bila kugombana.

Na kuna jambo moja ambalo madevelopa wengi wanalisahau. Vikundi vya namna hii vilianzia Niger mwaka 1991 kwenye mradi wa shirika la misaada la CARE, na kitu kinachojulikana sana kwenye vikundi hivi ni lile sanduku la kufuli tatu, funguo tatu wanakaa nazo watu watatu tofauti, na linafunguliwa mbele ya wote. Ile ni dizaini ya intafesi kabisa, yaani sehemu ambayo mtu anakutana na mfumo, tena nzuri, hakuna mtu anayeweza kutoa hela peke yake hata awe mwenyekiti na hata asiyejua kusoma anaona kwa macho kwamba kufuli ya tatu haijafunguliwa. Mfumo wowote wa simu utakaokuja lazima ufanye kazi hiyohiyo, watu watatu waidhinishe kila mmoja kwenye simu yake. Ukiona mfumo mzuri wa kupendeza lakini anayetoa ni admin mmoja mwenye paswedi, mmerudi nyuma, afadhali sanduku.

USSD

Hii ndo ya nyota na reli, *150*00# na wenzake. Watu wa teknolojia wanaidharau sana na mimi naona wanakosea. Angalia menyu hii:

Karibu Mama Asha
1. Nunua hisa
2. Mfuko wa jamii
3. Salio
4. Omba mkopo
5. Lipa marejesho
0. Toka

Hiyo haifiki hata herufi 100, na ukomo wa ukurasa mmoja wa USSD ni herufi 182. Kwahiyo huna nafasi ya kuweka matangazo, picha za watu wanaocheka wala maneno ya "tunafurahi kukuhudumia". Ukomo ule unamlazimisha mbunifu aamue nini ni muhimu, na hiyo ndo sababu mtu aliyeishia la nne anaitumia bila kufundishwa na yeyote. Kwa upande wa developa nayo ni rahisi, kwa mfano kwenye mfumo wa Africa's Talking seva yako inarudisha maandishi yanayoanza na CON kama mazungumzo yanaendelea au END kama yameisha, basi. Haihitaji bando, inafanya kazi kwenye kitochi chochote, chaji inakaa wiki.

Kuna kitu nimekiona kwa watumiaji wa siku nyingi, hawasomi menyu. Wanazikariri namba, moja, nne, mbili, kiasi, PIN, vidole vinakwenda vyenyewe. Ndo maana ukibadilisha mpangilio wa menyu, eti umehamisha salio kutoka 3 kwenda 5 kwa sababu "imekaa vizuri zaidi", unakuwa umewapa upofu watu ambao walikuwa wanaona. Kwenye USSD huduma mpya inawekwa mwisho, zile za zamani haziguswi. Hii ni sheria kabisa.

Na ule ukurasa wa mwisho kabla ya PIN, unaokuonyesha jina la mpokeaji na kiasi, kwangu ndo ukurasa bora kuliko yote kwenye simu za huku kwetu. Unakupa sekunde ya kugundua kwamba namba umekosea. Watu wa akili mnemba wangeuiga wangepunguza kesi nyingi.

Faida nyingine haionekani mpaka siku ya tatizo. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikazingua Tanzania na nchi jirani, WhatsApp ikawa inazunguka tu. USSD inatembea ndani ya mtandao wa simu hapahapa nchini, haina haja ya kuvuka bahari, ila sharti moja, seva yako nayo iwe nchini. Kama menyu ni USSD lakini hesabu zimekaa kwenye seva ya Ulaya kwa sababu ilikuwa bei rahisi, siku ile utakuwa gizani kama wengine.

Mabaya yake nayo yapo. Kipindi kina muda, kwa kawaida kama dakika 3, mtu akienda kutafuta miwani karudi kakuta imekatika anaanza upya. Hakuna historia, ukishafunga umefunga, unategemea sms. Fomu ya mkopo yenye maswali kumi ni mateso. Huwezi kusoma katiba ya kikundi, huwezi kuweka picha ya risiti. Kwa asiyeona kabisa kitochi hakimsomei kitu, anabaki kumpa mjukuu simu pamoja na PIN, na hapo usalama umeisha. Halafu kila kipindi kina gharama ambayo mtu anailipa, wewe au mwanachama, na namba ya USSD ya peke yenu ni ghali, kikundi kimoja kidogo hakiiwezi, mtachangia namba na wengine kupitia kampuni ya kati. Au mtatumia ile iliyopo tayari, M-Koba ya Vodacom, huduma ya akiba za vikundi, imo ndani ya menyu ya M-Pesa, kabla hujamlipa developa kaiangalie kwanza hiyo.

Apu

Apu ni tamu kuiona kwenye mkutano. Ina grafu, ina rangi za kikundi, ina picha ya mwenyekiti. Shida ni kwamba mwanachama anafanya jambo moja kwa wiki na kitu kinachofunguliwa mara moja kwa wiki hakikai kwenye simu yenye GB 16 iliyojaa video za magrupu. Siku simu ikisema nafasi imejaa, ya kwanza kufutwa ni hiyo yenu. Na kila toleo jipya ni bando la mtu, nusu watakuwa na toleo la zamani, nusu jipya, na katibu ndo atapigiwa simu.

Lakini usiitupe. Kwa katibu na mweka hazina apu, au hata ukurasa wa wavuti tu unaofunguka vizuri kwenye simu, haina mpinzani, maana kazi yao ni kulinganisha, kupanga, kutafuta, kurekebisha, na huwezi kulinganisha marejesho ya watu thelathini kwa kuuliza swali moja moja. Macho yanashinda mdomo kwenye jambo la namna hiyo. Pia apu inaweza kuhifadhi hesabu ndani ya simu mkutano ukiwa kijijini kusiko na mtandao, ikatuma baadae. Na kwa mwanachama asiyeona mwenye Android, TalkBack, programu ya kusoma skrini kwa sauti, inamsomea batani, ila hapo developa awe ameziandikia majina, sio anasomewa "batani, batani, batani".

Gharama za duka ni ndogo, Google Play wanachukua dola 25 mara moja, Apple dola 99 kila mwaka. Hela inaliwa na matengenezo. Na kusema ukweli, kwa kikoba cha kawaida naona ukurasa wa wavuti unatosha kabisa, apu ni sifa.

Boti ya WhatsApp

Hapa ndo wengi wanaponea. Sababu ni moja, kikundi tayari kipo huko. Kuna grupu la kikoba, kuna salamu za asubuhi, kuna mtu anaforwadi mambo ya dawa za vitunguu. Humfundishi mtu kitu kipya, unampa namba tu aisevu.

Afrika Kusini wana mfano mzuri, MomConnect, huduma ya wizara ya afya kwa wajawazito iliyoanza 2014 kwa USSD na sms, baadae wakaongeza WhatsApp mwaka 2017 bila kuua ile ya mwanzo. Mama mwenye kitochi hakuachwa. Huo ndo mpangilio ninaoupenda, unaongeza mlango, huzibi wa zamani.

Sasa mambo madogo ambayo hakuna anayekwambia. WhatsApp inaruhusu batani tatu tu kwenye ujumbe mmoja, na orodha isiyozidi mistari kumi, na maandishi ya batani ni herufi 20. Kwahiyo ni menyu ileile ya USSD iliyovaa suti. Uzuri ni kwamba inabaki, mwanachama anapanda juu anaona wiki iliyopita alilipa ngapi, ushahidi upo, ugomvi unapungua. Na anaweza kutuma picha na voisi.

Kuna suala la salamu. Mswahili haanzi na 1, anaanza na "Habari za asubuhi" au "Mambo", mtu mwingine anatuma "Shikamoo" kabisa kwa kompyuta, na boti iliyotengenezwa vibaya inamjibu "Samahani, chaguo lako sio sahihi". Aisee, umemuaibisha mtu kwa kuwa na adabu. Ujumbe wa kwanza wowote uchukuliwe kuwa ni salamu, ujibiwe salamu, ndo menyu ifuate. Na majina hivyohivyo. Mifumo mingi inachukua jina la kwanza kwenye kitambulisho inaandika "Hi Rehema!" kwa mama wa miaka sitini ambaye kwenye kikundi hakuna anayemwita Rehema, anaitwa Mama Asha, hata mwenyekiti anamwita hivyo. Wekeni sehemu ya kuuliza "tukuite nani?" siku ya usajili, ni kazi ya dakika mbili kwa developa.

Ubaya wa WhatsApp ni kwamba wewe ni mpangaji. Mwenye nyumba ni Meta na anabadilisha masharti anavyotaka. Tangu Julai 2025 ujumbe wa biashara unatozwa kwa kila meseji inayotumwa kwa templeti (ujumbe ulioandaliwa mapema), ukimjibu mtu ndani ya saa 24 tangu akuandikie ni bure, ukimkumbusha marejesho baada ya hapo unalipa. Oktoba 2025 wakatangaza kwamba kuanzia Januari 2026 boti za akili mnemba za kazi yoyote ile hazitakiwi kwenye mfumo wao wa biashara, za huduma mahsusi ndo zinabaki. Boti ya kikoba ni huduma mahsusi, haiguswi, lakini umeona jinsi sharti linavyoweza kubadilika ukiwa umelala. Kwahiyo hesabu zenu zisikae ndani ya WhatsApp hata siku moja, WhatsApp iwe mlango tu, daftari liwe kwenye hifadhidata yenu.

Sauti na akili mnemba

Hii ndo kila mtu anaitaka na ndo naiandikia zaidi.

Nianze na sifa zake, ni za kweli. Mtu asiyesoma anaongea. Mwenye macho mabovu anaongea. Mwenye mikono yenye unga anaongea. Google walishaleta huduma ya kugeuza maneno ya Kiswahili yanayosemwa kuwa maandishi tangu 2017, na modeli mpya za lugha zinaelewa sentensi iliyopinda ambayo menyu isingeielewa kamwe, "mi sikuja wiki ile ya msiba sasa nataka nilipe zote mbili na ile ya jamii". Kwenye USSD huyo angehitaji kurasa nane. Hapo sauti imeshinda, hakuna ubishi.

Sasa shida. Ya kwanza ni data. Modeli ya Whisper ya OpenAI, ya kugeuza sauti kuwa maandishi, iliyotoka Septemba 2022, ilifundishwa kwa saa 680,000 za sauti, karibu theluthi mbili Kiingereza, lugha nyingine 96 kwa pamoja zikagawana saa kama 117,000, na humo Kiswahili kilipata kijisehemu. Watu wamejitolea kusoma sentensi za Kiswahili kwenye Common Voice ya Mozilla na hali inazidi kuwa nzuri, lakini kusoma sentensi kwa utulivu chumbani sio sawa na kuongea sokoni jenereta linanguruma. Na Kiswahili sio kimoja, mtu wa Goma atakutajia franga, mtu wa Nairobi atachanganya Sheng, wote wanaongea vizuri tu kwao.

Ya pili ni namba, na kikoba ni namba tupu. Mtu haongei kama kikokotoo. Atasema "buku mbili jero", hiyo ni 2,500. Atasema "laki mbili na hamsini", kila Mtanzania anajua ni 250,000 lakini mashine iliyojifunza kwa kitabu inaweza kukuandikia 200,050. "Laki na nusu" ni 150,000. Tofauti kati ya "mia tano" na "mia na tano" ni kasauti kamoja katikati, na simu ya bei ndogo kwenye upepo inakameza. Developa akikuonyesha demo ya sauti usimwambie "angalia salio", mwambie "niwekee hisa tatu na jamii buku" uone kitatokea nini.

Ya tatu, saa. Mkutano saa kumi jioni ni 16:00. Mashine iliyokulia kwenye Kiingereza inaweza kukupangia kikumbusho cha saa 10:00, na ukiiambia saa mbili usiku ikakuamsha saa nane za usiku wa manane. Kipimeni hiki kabla ya kusaini chochote.

Ya nne haihusu teknolojia kabisa. Nani atasema "naomba mkopo wa laki tano, mtoto karudishwa ada" akiwa kwenye daladala? Menyu ni ya siri, kidole hakisikiki. Sauti inafaa nyumbani na shambani, kwenye foleni watu watarudi kwenye kubonyeza, na hiyo sio ushamba, ni akili. Tena hizo sauti zikirekodiwa ni taarifa binafsi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 inawahusu, mtatakiwa mjue zinahifadhiwa wapi na zinafutwa lini.

Ya tano ni uaminifu, na hapa kuna mjadala wa zamani. Mwaka 1997 kwenye mikutano ya watu wa intafesi Marekani, Ben Shneiderman wa Maryland na Pattie Maes wa MIT walijadiliana hadharani, yeye Shneiderman akishikilia kwamba mtu anataka aone vitu na avishike mwenyewe, Maes akisema kazi zimekuwa nyingi mno, mtu anahitaji wakala wa programu wa kumfanyia. Mjadala umefufuka sasa, Oktoba 2024 kampuni ya Anthropic waliachia modeli inayoweza kutumia kompyuta kwa kubofya yenyewe, Januari 2025 OpenAI wakaleta Operator, wakala wao wa namna hiyo. Kwa kutafuta tiketi ya basi sina neno na mawakala. Kwa hela ya kikundi nipo na Shneiderman moja kwa moja. Nchi ambayo kila mtu ameshatumiwa ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" haihitaji mashine inayotii sauti yoyote, na sauti zenyewe siku hizi zinaigwa.

Kwahiyo dawa yake ni hivi. Mama anatuma voisi kwenye WhatsApp: "Nataka hisa tatu na jamii buku." Mashine haifanyi malipo, inarudisha maandishi:

Hisa 3 = 15,000
Mfuko wa jamii = 1,000
Jumla = 16,000
1. Sawa
2. Hapana, rekebisha

Na kwa asiyesoma inamsomea hayohayo kwa sauti, tarakimu moja moja. Akikubali, anapata ile push ya malipo kwenye simu, yaani ombi la malipo linalojitokeza lenyewe kwenye skrini, inayomwonyesha kiasi na nani anapokea, anaweka PIN yake kwenye mfumo wa mtandao wa simu. PIN haipiti kwenye boti, haitamkwi, akili mnemba haiioni kabisa. Mkopo ukitoka wale watu watatu wanapata ukurasa wa kuidhinisha kila mmoja kwake. Mashine ikikosea kusikia hasara yake ni kubonyeza 2, basi.

Miwani, pini za kifuani na chipu za ubongo

Hizi nazipitia haraka maana kuna watu lazima watauliza. Apple Vision Pro ilitoka Februari 2024 kwa dola 3,499. Humane AI Pin, kile kidude cha kubandika kifuani cha dola 699 na malipo ya kila mwezi juu, kilitoka Aprili 2024, Februari 2025 kampuni ikauza mali zake kwa HP na vidude vikazimwa. Neuralink waliweka chipu kwa mgonjwa wa kwanza Januari 2024, hiyo ni habari njema kwa waliopooza, kwa kikoba haituhusu. Mwaka 2007 vilitoka vitu viwili, iPhone Marekani, na M-Pesa Kenya ikiwa menyu ya maandishi iliyokaa kwenye laini. Wakati ule ungeambiwa uchague cha baadae ungechagua kioo cha kugusa bila kufikiri mara mbili. Vyote viwili vipo mpaka leo na wanaotumia vyote viwili ni watu walewale.

Sasa mchague

Kama nusu ya wanachama wana vitochi, USSD ndo msingi, hakuna mjadala, na katibu apewe ukurasa wa wavuti. Msinunue apu. Msinunue AI. Hela inayobaki nunueni daftari la akiba, kweli nawaambia.

Kama karibu wote wana WhatsApp na grupu liko hai, boti ya WhatsApp kwa mwanachama, malipo kwa push, ukurasa wa wavuti kwa viongozi, na USSD ibaki kwa ajili ya wale wachache na siku ya intaneti kukatika. Hii ndo ningewachagulia wengi wenu.

Sauti iongezwe juu ya WhatsApp, sio badala yake, na iongezwe kwanza kwa kuuliza tu, salio langu ngapi, nadaiwa ngapi, mkutano lini. Miezi kadhaa ikipita mkaona inasikia vizuri lafudhi za kwenu ndo muiruhusu ipokee maombi ya hisa na mkopo. Developa akisema hiyo ni kuchelewesha mambo, muulize kama yuko tayari kuandika kwenye mkataba kwamba kosa la kusikia atalilipa yeye.

Apu kamili ifikiriwe kama mmekuwa saccos yenye mamia ya wanachama, wafanyakazi wa kulipwa na mtu wa kujibu simu. Chini ya hapo ni mzigo.

Na kama mna wanachama waliohamia Muscat au Marekani, hapo kidogo mambo yanabadilika. Msitegemee USSD ya laini ya Tanzania ifanye kazi wakiwa huko, wao watakuwa WhatsApp tu na hela watatuma kwa njia nyingine, kwahiyo boti iwaruhusu kuangalia na kuomba, malipo yaingizwe na mweka hazina na kuidhinishwa na wale watatu. Jambo la kuwaambia madevelopa mapema, kabla hawajaandika hata mstari mmoja, ni kwamba kitambulisho cha mwanachama kisiwe namba ya simu. Mifumo mingi imefanya hivyo na mtu akibadilisha laini anakuwa mgeni kwenye kikundi alichokianzisha. Kila mtu apewe namba ya uanachama, na simu iwe taarifa ya kubadilishwa kwa idhini ya viongozi, anaweza kuwa nazo mbili, ya Oman na ya Tanzania, maana huyo wa Muscat akija likizo Desemba atawasha laini yake ya zamani na atataka kununua hisa kwa nyota na reli kama wenzake.